Kutoka Kichwa cha Kusomea hadi Mfuko wa Koltani: Historia ya Upimaji wa Kasoro na Mafunzo Yake kwa Mpaka wa Gisenyi na Goma

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya upimaji wa kasoro katika vichwa vya kusomea vya diski za sumaku tangu mwaka 1956, na kuilinganisha na historia ya uthibitishaji wa koltani katika ukanda wa Gisenyi na Goma. Historia hizi mbili zinakutana katika elementi moja, tantali, ambayo hutumika kama tabaka jembamba ndani ya vichwa vya kusomea na ambayo madini yake huchimbwa pande zote mbili za mpaka wa Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja kuu ni kwamba viwanda vya diski vililazimika kuacha kutegemea kipimo rahisi kilichopitisha vichwa vibovu, na badala yake vikapima tabia ya kitu chenyewe, mapema, kwa kutumia sampuli za rejea. Uthibitishaji wa madini katika Maziwa Makuu umebaki kwa sehemu kubwa katika hatua ya kwanza, yaani kukagua lebo na karatasi. Makala inaonyesha pia mipaka ya ulinganisho huu, na inahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga sera.

1.0 Utangulizi

Mji wa Gisenyi, makao ya Wilaya ya Rubavu, umejengwa ukingoni mwa Ziwa Kivu, bega kwa bega na mji wa Goma. Hakuna mto wala mlima unaoitenganisha miji hii miwili. Mpaka unapita kati ya nyumba na barabara, na kila siku maelfu ya watu huuvuka kwa miguu wakibeba nyanya, unga, nguo na bidhaa nyingine. Pamoja na bidhaa hizo za riziki, ukanda huu umekuwa pia njia ya madini: bati, wolframu na koltani.

Koltani ni jina la kibiashara lililozaliwa Afrika ya Kati kwa madini ya kolumbiti na tantaliti. Ndani yake mna tantali, elementi iliyogunduliwa na mwanakemia wa Uswidi, Anders Gustaf Ekeberg, mwaka 1802. Mjadala wa umma umezoea kuitaja tantali pamoja na simu za mkononi. Mara chache hutajwa kwamba tantali imekuwa pia ndani ya kichwa cha kusomea cha diski ya kompyuta, kifaa ambacho katika historia ya viwanda kimepimwa kwa ukali ambao bidhaa chache zimewahi kupimwa.

Swali la makala hii linatokana na ukaribu huo. Kichwa cha kusomea hupimwa mara nyingi kabla ya kuuzwa, na kasoro ya nanomita chache hugunduliwa. Mfuko wa madini yanayotoa malighafi ya kichwa hicho hupimwa kwa njia gani, na kipimo hicho huona nini? Swali hili si la kinadharia tu. Jibu lake huamua kama mchimbaji wa Rwanda au wa Kivu atauza mzigo wake au atakataliwa sokoni, na kama fedha ya mzigo huo itafika kwake au kwa mwenye bunduki.

2.0 Historia ya kichwa cha kusomea na upimaji wake

2.1 Enzi ya koili

Septemba 1956 kampuni ya IBM ilitangaza mashine ya RAMAC. Sehemu yake ya kuhifadhia, IBM 350, ilikuwa na visahani 50 vyenye kipenyo cha inchi 24, na ilihifadhi takriban herufi milioni 5. Visahani vyote vilihudumiwa na vichwa viwili tu, vilivyopandishwa na kushushwa kwa mkono wa chuma. Hewa iliyoshindiliwa ilizuia kichwa kisiguse kisahani. Nafasi kati yao ilikuwa kama mikromita 20.

Kichwa cha wakati huo kilikuwa koili ya waya iliyozungushwa kwenye kiini cha sumaku chenye ufa mwembamba. Alama za sumaku zilipopita chini ya ufa huo, umeme mdogo ulizaliwa ndani ya koili. Kasoro nyingi zilikuwa za aina inayoonekana kwa hadubini au kutambuliwa kwa mita ya kawaida: waya uliokatika, ufa usio na upana unaotakiwa, kiini kilichomeguka. Kichwa kilichokuwa na waya mzima na ufa sahihi kwa kawaida kilifanya kazi. Kwa maneno mengine, kipimo rahisi na ubora halisi vilikaribiana.

Mabadiliko mawili yaliondoa ukaribu huo hatua kwa hatua. La kwanza lilikuja mwaka 1973, IBM ilipotoa diski ya 3340, maarufu kwa jina la Winchester. Vichwa vyake vilikuwa vyepesi, vikiruka juu ya kisahani na kutua juu yake mashine ilipozimwa, na vilifungwa pamoja na visahani ndani ya chombo kimoja kilichozibwa. Tangu hapo kichwa kibovu hakikuwa tena kipuri cha kubadilisha kwa urahisi. Kukigundua baada ya kufungwa kulimaanisha kupoteza chombo kizima, na hesabu hiyo ya gharama ndiyo iliyousukuma upimaji urudi nyuma, karibu zaidi na chanzo.

La pili lilikuja mwaka 1979. Diski ya IBM 3370 ilitumia vichwa vya utando mwembamba, vilivyotengenezwa kwa mbinu zilezile za kuchapa saketi za elektroniki. Badala ya fundi kuunda kichwa kimoja kimoja, vichwa vingi sana viliumbwa kwa pamoja juu ya bamba moja la kauri. Kosa dogo katika bamba liliweza kuzaliwa upya katika kila kichwa. Upimaji wa bamba ukawa hatua ya lazima, kwani kusubiri hadi vichwa vikatwe na kufungwa kulikuwa kuzidisha hasara.

2.2 Enzi ya ukinzani unaobadilika

Mwaka 1857 William Thomson, aliyejulikana baadaye kama Lord Kelvin, alieleza kwamba ukinzani wa chuma dhidi ya mkondo wa umeme hubadilika kidogo chuma hicho kinapotiwa sumaku. Ugunduzi huo ulikaa zaidi ya karne moja kabla ya kupata kazi kubwa katika diski. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 IBM ilianza kuuza diski ambazo vichwa vyake havikusoma tena kwa koili. Utando wa metali ulipitishwa mkondo, na mabadiliko ya ukinzani wake yakasomwa kama data.

Mwaka 1988 makundi mawili ya watafiti, la Albert Fert nchini Ufaransa na la Peter Grünberg nchini Ujerumani, yaligundua kwamba matabaka ya sumaku yaliyotenganishwa na tabaka jembamba lisilo la sumaku huonyesha mabadiliko makubwa zaidi ya ukinzani. Mwaka 1997 IBM ilitoa diski ya kwanza sokoni iliyotumia kanuni hiyo, na mwaka 2007 wanasayansi hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Katikati ya miaka ya 2000 vilifuata vichwa ambamo mkondo hupenya katika tabaka la kihami.

Muundo wa kichwa cha aina hii unahitaji kuelezwa, kwa sababu ndio unaofafanua tatizo la upimaji. Ndani yake mna matabaka mawili makuu ya sumaku. Moja limefungwa: mwelekeo wa sumaku yake umeshikiliwa na tabaka jirani ili usigeuke. La pili liko huru: hugeuka kila linapopita juu ya alama kwenye kisahani. Ukinzani hutegemea pembe kati ya mielekeo ya matabaka haya mawili. Ikiwa tabaka lililofungwa limelegea au limegeuzwa, au ikiwa tabaka huru linageuka kwa kurukaruka badala ya kugeuka taratibu, kichwa kitasoma vibaya ingawa hakuna kilichovunjika.

Hapa ndipo kipimo rahisi kilipoachana na ubora halisi. Kichwa cha zamani kilichokuwa na ukinzani sahihi kwa kawaida kilikuwa kizima. Kichwa kipya kingeweza kuwa na ukinzani sahihi kabisa na bado kikawa hakifai.

2.3 Kasoro isiyoonekana kwa mita

Mfano ulio wazi zaidi ni madhara ya umeme tuli. Mwili wa binadamu hauhisi cheche ya umeme tuli mpaka ifike maelfu ya volti, lakini volti chache tu zinaweza kuharibu kichwa cha aina hii. Kwa hiyo wafanyakazi wa viwanda vya vichwa huvaa mikanda ya mkononi iliyounganishwa na ardhi, na meza, sakafu na hewa huandaliwa ili kupunguza chaji.

Madhara hayo yalikuwa ya ngazi mbili. Chaji kubwa iliyeyusha utando, ukinzani ukabadilika, na mita ya kawaida ikalitambua kosa. Chaji ndogo zaidi ilipasha matabaka joto kwa muda mfupi mno, kiasi cha kuligeuza au kulilegeza tabaka lililofungwa bila kuyeyusha chochote. Ukinzani ulibaki vilevile. Mita ikasema kichwa ni kizima, kumbe kilikuwa kimeharibika.

Jibu la viwanda lilikuwa kupima mwitikio. Kichwa huwekwa ndani ya uga wa sumaku unaobadilishwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ukinzani hurekodiwa katika kila hatua. Matokeo huchorwa kama mstari. Mstari laini unaopanda bila kukatika unaonyesha kichwa kinachotii. Mstari uliogeuzwa kichwa chini unaonyesha tabaka lililopinduka. Mstari wenye miruko unaonyesha vikoa vya sumaku vinavyohama ghafla, tabia ambayo mwanafizikia wa Ujerumani, Heinrich Barkhausen, aliieleza mwaka 1919. Kipimo hiki hufanyika bila kisahani kuzunguka, hivyo kinaweza kufanywa mapema, vichwa vikiwa bado kwenye bamba au kwenye vipande vyenye safu ya vichwa.

Baadaye hufuata kipimo cha mwendo. Kichwa kilichokwisha kufungwa kwenye mkono wake hurushwa juu ya kisahani kinachozunguka, huandika alama na kuzisoma, na kiwango cha makosa huhesabiwa. Kipimo hiki kinafanana zaidi na kazi halisi ya kichwa, lakini ni cha polepole na cha gharama, na hufanyika wakati thamani kubwa imekwisha kuongezwa. Kwa sababu hiyo kipimo cha mwitikio kilifanywa chujio la awali, na kipimo cha mwendo kikabaki uthibitisho.

Mambo mengine mawili katika historia hii yanastahili kutajwa. Kwanza, mashine ya kupimia yenyewe ilibidi ipimwe. Viwanda huhifadhi vichwa vya rejea, ambavyo sifa zake zinajulikana, na huvipitisha katika kila mashine ili kuhakikisha kwamba mashine mbili haziamui tofauti juu ya kichwa kilekile. Pili, kipimo kinaweza kuwa chanzo cha kasoro. Sindano za mashine zinazogusa kichwa zinaweza kuleta chaji ileile inayotafutwa. Ilibidi mpimaji adhibitiwe kama kinavyodhibitiwa kinachopimwa.

3.0 Tantali kati ya kiwanda na mgodi

Tantali imo ndani ya kichwa kwa sababu mahususi. Tabaka lake la nanomita chache huwekwa chini ya matabaka ya sumaku kama msingi unaoshikamana vizuri na kuongoza fuwele za tabaka linalofuata zipangike inavyotakiwa. Mara nyingi tabaka jingine la tantali huwekwa juu, kama kifuniko cha kuzuia kutu. Msingi mbaya huleta fuwele mbaya, na fuwele mbaya huonekana kwenye mstari wa mwitikio.

Kiasi hicho ni kidogo mno. Matumizi makubwa ya tantali yako kwenye kapasita za elektroniki, zikiwemo zile zilizotumika katika mabamba ya saketi ya diski, na kwenye aloi za injini za ndege. Makala haidai kwamba kichwa fulani kina tantali iliyopita Gisenyi, na dai la aina hiyo lisingeweza kuthibitishwa. Kutoweza kuthibitishwa huko ndiko kunakohusu mjadala huu. Kiwanda cha kuyeyusha na kusafisha tantali huchanganya madini ya migodi mingi na kuyageuza kuwa unga safi. Usafi huo ambao fundi wa vichwa anauhitaji hufuta kila alama ya asili. Kuanzia hapo hakuna kipimo cha sumaku wala cha kemia kinachoweza kusema kama metali hiyo ilitoka katika mgodi wa halali au katika mgodi unaotozwa kodi na kundi lenye silaha. Kipimo cha asili lazima kifanyike kabla ya tanuri, na kadiri kinavyokaribia shimo la mgodi ndivyo kinavyokuwa na maana.

4.0 Gisenyi: mpaka, madini na vyeti

4.1 Mstari juu ya mwamba mmoja

Mwanzoni mwa karne ya ishirini Gisenyi, iliyoandikwa Kissenji na Wajerumani, ilikuwa kituo cha utawala wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Upande wa pili kulikuwa na Kongo, iliyokuwa chini ya Ubelgiji tangu 1908. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1910 uliamua mpaka: Goma na kisiwa cha Idjwi vikabaki upande wa Wabelgiji, Gisenyi ikabaki kwa Wajerumani. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji waliitwaa Rwanda, lakini mstari wa 1910 ulidumu na ukarithiwa na nchi huru.

Mstari huo haukufuata jiolojia. Miamba yenye bati na tantali ya Rwanda na ya Kivu ni ya ukanda mmoja, iliyoundwa katika kipindi kimoja yapata miaka bilioni moja iliyopita. Rwanda ina madini yake yenyewe, na jambo hili ni la lazima kusisitizwa kwa kuwa mara nyingi husahauliwa. Uchimbaji wa kikampuni wa bati ulianza katika miaka ya 1930 chini ya kampuni za Kibelgiji. Eneo la Gatumba, katika Wilaya ya Ngororero ya leo, limejulikana kwa miongo mingi kwa bati na tantali yake. Kampuni ya SOMIRWA iliyoundwa mwaka 1973 ilianguka mwaka 1985, mwaka uleule ambao soko la bati la dunia liliporomoka, na wachimbaji wadogo wakashika nafasi yake.

Kwa hiyo mfuko wa koltani unaoonekana upande wa Gisenyi unaweza kuwa wa Rwanda kwa haki kabisa, au unaweza kuwa umevuka. Macho hayatofautishi.

4.2 Kutoka bei ya 2000 hadi sheria ya 2010

Mwaka 2000 bei ya tantali duniani ilipanda mara kadhaa ndani ya miezi michache, kisha ikaanguka mwaka 2001. Wakati huo mashariki mwa Kongo kulikuwa chini ya waasi wa RCD waliokuwa na makao Goma, na Novemba 2000 walilipa shirika moja, SOMIGL, haki ya pekee ya kusafirisha koltani nje. Jopo la wataalamu la Umoja wa Mataifa, katika ripoti ya Aprili 2001, lilieleza uhusiano kati ya madini na vita na kuzitaja nchi jirani, Rwanda ikiwemo.

Muongo mmoja baadaye hatua zilifuatana kwa haraka. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kilizitaka kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa zieleze matumizi yao ya bati, tantali, wolframu na dhahabu za Kongo na nchi jirani. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, amri iliyodumu hadi Machi 2011. Wanunuzi wengi wa kimataifa waliona ni rahisi zaidi kuuepuka ukanda mzima kuliko kuchunguza. Katika vijiji vya Kivu kifungu hicho kiliitwa Sheria ya Obama, na jina hilo lilitamkwa kwa uchungu na watu waliopoteza kipato.

Kwa lugha ya upimaji, huo ulikuwa mtambo uliokataa kila kichwa ili usipitishe kibovu hata kimoja. Kiwandani mtambo wa namna hiyo ungezimwa siku hiyohiyo.

4.3 Lebo na cheti

Suluhisho lililokubaliwa lilikuwa lebo. Chini ya mpango wa ITSCI, ulioanzishwa na taasisi za sekta ya bati na tantali na kutumika Rwanda tangu takriban 2011, mfuko hufungwa lebo yenye namba mgodini, hupewa lebo nyingine katika hatua ya uchakataji, na namba hizo huandikwa kwenye madaftari yanayolinganishwa. Desemba 2010 wakuu wa nchi za Maziwa Makuu walitia saini Azimio la Lusaka dhidi ya uporaji wa maliasili, na likazaa utaratibu wa kikanda wa vyeti. Rwanda ilitoa cheti cha kwanza cha utaratibu huo Novemba 2013.

Mafanikio ya lebo yasidharauliwe. Ilirudisha soko mahali ambapo soko lilikuwa limefungwa, na ilileta madaftari mahali ambapo hayakuwepo. Hata hivyo, lebo ni kitu kilichofungwa juu ya mfuko. Haipimi kilicho ndani. Ikiwa lebo halisi ya mgodi halisi imefungwa kwenye mfuko uliotoka kwingine, namba zitalingana, madaftari yatalingana, na mkaguzi hatakuwa na sababu ya kuuzuia.

4.4 Alama ya kimaabara

Kipimo cha kitu chenyewe kipo. Kuanzia mwaka 2006 taasisi ya jiosayansi ya Ujerumani, BGR, iliendeleza njia ya kutambua asili ya koltani kutokana na muundo wake. Punje za madini hukaguliwa kwa hadubini ya elektroni ili kujua aina zake. Kisha mwale wa leza huvukiza sehemu ndogo ya punje, na spektromita ya masi hupima elementi zilizomo kwa kiasi kidogo sana. Uwiano wa urani na risasi huonyesha umri wa madini. Matokeo hulinganishwa na sampuli za migodi inayojulikana. Utaratibu wa vyeti wa Maziwa Makuu umeitambua njia hii kama nyenzo ya kuhakiki.

Njia hii ina mipaka. Kwa kuwa miamba ya Rwanda na Kivu ni ya umri unaokaribiana, umri peke yake hautoshi, na jibu hutegemea mchanganyiko wa elementi ndogondogo. Hutegemea pia hifadhi ya sampuli za rejea: mgodi ambao haujawahi kuchukuliwa sampuli hauwezi kutambuliwa. Mfuko uliochanganywa kutoka migodi kadhaa ni mgumu zaidi. Tena ni kazi ya maabara, yenye gharama na muda, kama kipimo cha mwendo kwa kichwa cha kusomea. Haiwezi kufanywa kwa kila mfuko.

4.5 Jaribio la 2024 na baada yake

Mwishoni mwa Aprili 2024 waasi wa M23 waliiteka Rubaya, katika eneo la Masisi kaskazini-magharibi mwa Goma, mji ambao migodi yake inakadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza mwaka huo kwamba kundi hilo lilikusanya takriban dola 800,000 za Marekani kwa mwezi kutokana na kodi juu ya koltani, na kwamba madini yalivushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na ya huko. Serikali ya Rwanda imezikanusha tuhuma hizo. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 ikaitwaa Goma yenyewe, hatua chache kutoka Gisenyi.

Makala hii haikusudii kuamua mgogoro huo. Kinachoonekana ni kwamba mjadala mzima umeendeshwa kwa ripoti dhidi ya kanusho, ilhali kipimo ambacho kingeweza kuwahudumia wote wawili kipo na hakitumiki kwa upana. Mtuhumu angeweza kuthibitisha kwa sampuli, na mtuhumiwa asiye na hatia angeweza kujisafisha kwa sampuli. Lebo haiwezi kufanya lolote kati ya hayo mawili.

5.0 Mjadala: yanayolingana na yasiyolingana

Ulinganisho wa historia hizi mbili unatoa mafunzo manne. La kwanza ni kwamba kipimo rahisi hufaa mradi kasoro za wakati huo zinakibadilisha. Ukinzani ulitosha katika enzi ya waya uliokatika, na haukutosha kasoro zilipoacha kuubadilisha. Lebo nayo iliweza kutosha ambapo tatizo lilikuwa kukosekana kwa kumbukumbu. Haitoshi ambapo tatizo ni kumbukumbu sahihi juu ya mzigo usio wake.

La pili ni mahali pa kipimo. Gharama ya kugundua kasoro huongezeka kadiri thamani inavyoongezwa. Kukataa mzigo kwenye tanuri la ng'ambo huwaadhibu wote waliochanganywa ndani yake, waaminifu na wasio waaminifu. Kuukataa mgodini humgusa mhusika.

La tatu ni sampuli za rejea. Bila vichwa vya rejea mashine mbili hazikubaliani, na bila sampuli za migodi yote miwili, ya Rwanda na ya Kongo, zinazoaminiwa na pande zote, hakuna maabara itakayosadikika.

La nne linamhusu mpimaji. Sindano ya mashine inaweza kuharibu kichwa, na kizuizi cha barabarani kilichowekwa ili kukagua madini kinaweza kugeuka kituo cha kutoza. Utaratibu wowote usiomkagua mkaguzi unaongeza kasoro mpya juu ya zile za zamani.

Ulinganisho huu una mwisho wake. Umeme tuli haupangi njama, na kasoro ya kichwa haibadiliki kwa kusudi la kukikwepa kipimo. Mfanyabiashara wa magendo hubadilika, na akijua kinachopimwa atatafuta kisichopimwa. Kwa sababu hiyo sampuli za madini lazima zichukuliwe bila taarifa, jambo lisilohitajika kiwandani. Tofauti nyingine ni nzito zaidi. Kichwa kilichokataliwa hutupwa na hesabu yake hufungwa. Mfuko uliokataliwa ni ujira wa watu waliokaa ndani ya shimo kwa siku kadhaa. Kikomo kikali kupita kiasi, ambacho kiwandani ni hasara ya fedha, mgodini ni njaa, kama miaka ya 2010 na 2011 ilivyoonyesha.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia ya kichwa cha kusomea inaonyesha kwamba upimaji hauboreki kwa kuongeza ukali wa kipimo kilekile. Uliboreka pale watengenezaji walipokiri kwamba kipimo walichokiamini kilikuwa kinapitisha vichwa vibovu. Sera za madini katika Maziwa Makuu zimefika mahali pa kukiri vivyo hivyo.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, lebo iendelee kama chujio la awali, lakini sehemu ya mizigo ichaguliwe bila mpangilio na bila taarifa, na ipimwe kimaabara kabla ya kusafirishwa. Pili, hifadhi ya sampuli za rejea isimamiwe kikanda, ijumuishe migodi ya pande zote za mpaka, na matokeo yake yafunguliwe kwa watafiti wa nchi zote wanachama. Tatu, mzigo utakaotiliwa shaka usababishe uchunguzi wa msafirishaji husika, na usiwe sababu ya kuufunga ukanda mzima.

Pendekezo la ziada linahusu lugha. Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na wachimbaji, wabebaji, madalali na askari wa mpakani kati ya Gisenyi na Goma huelewana kwa Kiswahili. Kanuni zinazowahusu, hata hivyo, mara nyingi huandikwa kwa lugha nyingine. Mtu anayeambiwa kwamba mzigo wake umekataliwa ana haki ya kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, ulipimwa nini na kilichopatikana ni kipi. Kuyaandaa maelezo hayo kwa Kiswahili sanifu ni kazi inayoweza kuanza sasa, bila kusubiri maabara mpya wala mkataba mwingine.